Deo, aliyeuliza mgonjwa anashukia wapi

Bado haijaniingia akilini. Juzi tumemzika Deo, na leo asubuhi nimeandaa vikombe viwili vya chai kwa sababu Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa akishuka mjini kunitembelea.

Ndugu zangu mnaonisoma hapa, wengi hamkumjua. Nivumilieni nieleze. Mnajua sina ufundi wa kusema kwa kifupi.

Mimi ni Mnyamwezi, yeye Mluguru. Sisi ni watani tangu enzi za mababu. Tulikaa meza moja ya simu za dharura hapa Morogoro, yeye tabibu, mimi muuguzi, tukipanga magari ya wagonjwa ya mkoa. Vijana siku hizi wanaiita dispatch.

Siku yangu ya kwanza nilimsalimia kwa heshima zote. Akanitazama juu hadi chini. "Kumbe wameniletea mpagazi! Haya, mzigo umeutua wapi?"

Nikamjibu kwamba Mluguru akifika tambarare huyumba, maana mguu wake mmoja umezoea kuwa juu. Jamani, alicheka hadi akalala juu ya meza. Urafiki ulianzia hapo.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe. Mkoa una halmashauri kadhaa, na kila moja ina magari yake, madereva wake, mafuta yake. Simu ikiingia, tuliuliza mgonjwa anatoka kijiji gani, tukaita gari la halmashauri ya kijiji hicho. Ilionekana sawa kabisa.

Ila mlimani magari hayafiki kila mahali. Majirani humlaza mgonjwa kwenye machela ya miti na blanketi, wakapokezana mabegani mpaka barabarani. Na wabebaji hawafuati mipaka ya halmashauri. Wanafuata njia fupi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja mjamzito aliyekuwa anavuja damu. Kijiji chake kiko upande huu wa mlima, nasi gari tukalipeleka upande huu. Likangoja weee. Kumbe majirani wameteremkia upande wa pili, wako kando ya barabara na machela yao, hakuna gari.

Lililokuwa karibu nao ni la halmashauri jirani. Deo akampigia dereva wa gari hilo, Hamisi.

"Shikamoo mzee. Ila huyo si mgonjwa wetu. Nikimbeba bila kibali, bosi atanisimamisha kazi."

"Marahaba. Hamisi, mama huyo amelala kwenye barabara yenu sasa hivi. Kama si wenu, njoo basi umwondoe, anawachafulia barabara."

Hamisi akaguna, "Mzee Deo, wewe una maneno!" Tukasikia injini ikiwaka.

Mama alipona. Mtoto hatukumwahi.

Deo hakugusa chakula siku hiyo. Aliniambia tu, "Tunawauliza watu wanatoka wapi, wakati wao wameshaondoka huko." Tangu hapo, kila aliyepiga simu kutoka mlimani, Deo alimuuliza kwanza: mnashukia wapi?

Swali peke yake halikutosha, maana gari la jirani lilihitaji ruhusa. Kikaitishwa kikao cha halmashauri zote. Mafuta ya nani? Gari likiharibika nani atawajibika? Yalikuwa maswali ya haki, siwalaumu.

Deo akasimama. Hakuwa na hotuba. Aliwageukia mmoja mmoja wale wenye asili ya mlimani. "Ndugu yangu, ukianguka leo shambani kwa mama yako, majirani watakushushia wapi?"

Wa kwanza akataja mahali. Wa pili naye akataja. Wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa akipinga kuliko wote, akataja barabara iliyo ndani ya halmashauri ya mwenzake, akaishia katikati ya jina. Ukumbi mzima ulielewa.

Wakakubaliana: gari lililo karibu ndilo linalokwenda. Mengine watayamaliza mezani baadaye.

Alipostaafu alirudi kwao juu, kulima kabichi na njegere. Huko ndiko kifua kilikombana, akiwa shambani.

Majirani walimbeba. Walipofika barabarani, gari la halmashauri jirani lilikuwa limeshafika, mlango wa nyuma uko wazi, muuguzi amesimama nje anawangoja. Hakuna aliyebishana na mtu. Mkewe, mama Anjela, anasema Deo alipoliona alijaribu kuinua kichwa asome jina la halmashauri ubavuni mwa gari.

Alifia njiani.

Kila kitu kilifanyika kama alivyotaka kifanyike, naye akafa. Mimi ninayependa kueleza mambo, hili nimeshindwa kujielezea hata mwenyewe.

Mazishini mtani ana kazi yake. Anazuia jeneza, anamsema marehemu, ili wafiwa wapate kupumua. Nikasimama katikati ya njia, na magoti yangu haya ya kizee.

"Simameni hapo! Mtu mzima huyu, mlima ameupanda maisha yake yote, leo anadeka anataka abebwe! Mwambieni ashuke atembee!"

Watu waliangua kicheko. Mama Anjela alicheka, machozi yakimtoka.

Nami nikanyamaza, kama unavyonyamaza ukimwachia mwenzako nafasi ajibu. Wabebaji wakadhani nimemaliza. Wakanipita.

Lala pema, mtani wangu.