Nilimnyang'anya Binti Yangu Maikrofoni, Akakosa Krediti Zake

Naanza na kosa kabla ulimi wangu haujaanza kunitetea, maana najijua. Binti yangu hakumaliza hai skuli pamoja na wenzake kwa sababu yangu. Si mwalimu, si mfumo wa Amerika, si shetani. Ni mimi!

Naandika haya kwenye daftari nikiwa ndani ya lori langu, nje ya ghala moja hapa Houston, nikingoja zamu yangu ya kupakuliwa mzigo. Binti yangu anaishi hapa karibu, kwa dada yangu, upande wa Alief. Nimempigia mara mbili asubuhi hii. Hakushika. Basi nimebaki na wewe msomaji. Wewe angalau huwezi kunikatia simu.

Kwanza unijue. Mimi shule niliiachia darasa la saba, Bungoma. Nilipofika Texas nilianza kwa kubeba maboksi Mesquite, mgongo ukilia kama mlango usiotiwa mafuta. Leo nina malori matatu. Yangu, si ya benki! Nyumba yangu kule Grand Prairie, karibu na Dallas, ina vyumba ambamo hakuna mtu amewahi kulala. Watu wenye digrii wanakuja kuniomba kazi ya udereva. Sisemi hivi kwa kujigamba. Haya, najigamba kidogo. Lakini nataka uelewe ugonjwa wenyewe. Mtu ambaye milango yote imemfungukia kwa kupiga kelele hudhani hakuna mlango unaofunguliwa vingine.

Binti yangu nitamwita Nekesa. Ndiye kifungua mimba wangu, na jina lake halisi ni la mama yangu.

Huku mtoto hamalizi shule kwa mtihani mmoja mkubwa kama kwetu. Anakusanya krediti, somo kwa somo, na zikitimia anavaa joho. Za Nekesa zilikuwa zimepungua upande wa lugha ya kigeni, na hapo pia mkono wangu upo. Tulikuwa tunakaa Sugar Land, karibu na hapa Houston. Nikapata kazi nono ya usafirishaji Dallas, nikaing'oa familia katikati ya mwaka. Kile Kispanishi alichokuwa anasoma kikabaki njiani.

Shule mpya ikamwambia kuna njia. Likizo ya kiangazi, wanafunzi wanapelekwa nje ya nchi, wanasoma lugha wiki sita, wakirudi wana krediti zao. Angeweza kwenda Uhispania. Angeweza kwenda Costa Rica. Akachagua Mombasa. Kiswahili!

Nilicheka hadi nikashika mbavu. "Yaani nikulipie ndege ukafunzwe lugha ya babako? Si ungeniuliza hapa sebuleni?"

Akanitazama tu. "You never taught me, Dad."

Na ilikuwa kweli. Kiswahili nilikipiga marufuku nyumbani tangu akiwa mdogo. Nilitaka Kizungu chake kiwe safi, kisinuke changu. Mama yangu akipiga simu kutoka Bungoma, Nekesa alisema "hello, I love you", kisha akanirudishia simu kama kiazi cha moto. Nyanya na mjukuu, wajina kabisa, na kati yao hakuna kitu ila hello. Mimi niliona sawa!

Basi akaenda. Chuo kimoja cha uuguzi hapa Houston kilikuwa tayari kimemwekea nafasi, bora amalize na wenzake. Kila kitu kilikuwa kwa hizo wiki sita. Nilijua. Nisikudanganye kwamba sikujua.

Sasa, mwaka huo nilikuwa nimemaliza kujenga nyumba nyumbani. Ghorofa! Vigae vyekundu, roshani mbili, tanki la maji juu kama la hospitali. Na kwetu mtu wa ng'ambo akijenga lazima aifungue nyumba. Hema, ng'ombe, maombi, watu wale washibe. Halafu, wakishashiba, hawaulizi bei ya vigae. Wanauliza, "Mtoto wa Amerika yuko wapi? Hebu aongee tuskie." Hapo ndipo unapopimwa! Na mtoto wangu alikuwa tayari Kenya. Nikasema Mungu mwenyewe amenipangia.

Nilipompigia kumwambia nakuja kumchukua, akasema, "Dad, ngoja nimalize. Please. Nikimaliza nitakuja."

Alinijibu kwa Kiswahili. Sikugundua hata! Leo ndiyo nagundua, nikiwa nimekaa kwa lori.

"Watu washaalikwa," nikamwambia. "Mheshimiwa mbunge anakuja. Ng'ombe hangoji!"

Mke wangu ni nesi, si mtu wa maneno mengi. Alikuwa anakunja sare yake ya kazi. Akasema bila kuinua kichwa, "Ng'ombe anaweza kungoja, Baba Nekesa. Wewe ndiye huwezi."

Hata mwalimu wake alinipigia, mama mmoja wa Mombasa, nitamwita Bi Rukia. Sauti ya upole, lakini ndani yake kuna mfupa.

"Baba Nekesa, shughuli yenu ni ya heri, nami nawaombea. Lakini wiki hiyo ndiyo ya mtihani wa kuzungumza. Akiukosa, krediti hapati. Nakwambia leo ili kesho tusilaumiane."

"Mwalimu, mimi ni mtu wa kuelewana," nikasema. "Nikija sitakuja mikono mitupu."

"Hicho ulichonuia kuleta kaa nacho. Mtoto ndiye umwache."

Nilicheka! Nikadhani anapandisha bei.

Nikaenda Mombasa nikamtoa. Kwenye ndege ya kwenda Kisumu alikaa dirishani, midomo inatembea, sauti haitoki. Nilidhani anaomba. Nikafurahi, nikasema nimelea mtoto wa Mungu. Kumbe alikuwa anajifanyia mtihani peke yake.

Siku ikafika. Jamani, watu! Hema zilijaa hadi wengine wakakaa chini ya mahindi. Mshereheshaji akaita, "Sasa tumlete mtoto wa Amerika!" Nekesa akasimama na gauni nililomnunulia. Hakuenda kwenye meza ya Mheshimiwa kama nilivyompanga. Alikwenda moja kwa moja hadi alipoketi mama yangu, akapiga goti, maikrofoni mkononi.

"Shikamoo, nyanya," akasema. "Mimi ni Nekesa. Nimebeba jina lako. Miaka mingi nilitaka kukuuliza mambo, lakini sikuwa na maneno. Sasa ninayo machache. Naomba nikuulize ulipokuwa msichana kama mimi ulikuwa unapenda nini..."

Kwetu shikamoo si salamu ya kila siku, wengine wakatabasamu. Lakini mama yangu alikuwa ameshika shavu kwa mikono miwili, mdomo wazi, kama mtu anayesikia kisima kikijaa.

Na hapo, ole wangu, nikasikia sauti nyuma yangu, mjomba mmoja mwenye mdomo: "Kwani huyu ni wa Amerika ama ni wa Likoni, Mombasa?"

Watu wa meza ile wakacheka. Mimi damu ikanipanda. Miaka yote hiyo ya maboksi na malori, halafu nichekwe kwa uwanja wangu mwenyewe? Nikatoka mbio. Nikamshika Nekesa mkono katikati ya sentensi, nikachukua maikrofoni.

"Wee Nekesa, hapana! Kizungu! Wapatie kile cha Texas!"

Nikamrudishia. Watu wakapiga makofi, wakapiga na mbinja. Nekesa akanitazama. Sijui nikuelezee vipi. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta imehamwa.

"Thank you all for coming," akasema. Akakaa.

Mama yangu akaniita kwa kidole, kama nilipokuwa mdogo. "Mbona umemkatiza? Alikuwa anaongea na mimi."

"Mtaongea baadaye, mama."

Baadaye haikuja. Wageni, picha, wazee wenye shida zao, Mheshimiwa na hotuba yake. Wiki ikaisha Nekesa na nyanyake wakiwa wameketi pamoja mara moja tu, na mara hiyo pia niliingia na wageni kuwaonyesha mtoto.

Tulirudi Mombasa. Bi Rukia alitukaribisha chai, hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mtoto wako alikuwa wa mbele darasani," akasema. "Lakini siku ya mtihani hakuwapo."

"Si umpe sasa! Muulize chochote, yuko hapa!"

"Mimi najua anaweza, ndiye niliyemfunza. Lakini wanaotoa krediti ni wale wa Texas. Walikuwa kwenye simu siku ile, wakamwita jina, hakuitika."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia mimi si mtu wa kuchezewa, mimi nina malori matatu barabarani saa hii. Aki nilisema hivyo, mbele ya binti yangu!

Bi Rukia akaweka kikombe chini. "Lori lako likifika na mzigo baada ya zamu yake kupita, wenye ghala hukwambia nini?"

Nikaangalia kikombe chake. Mimi, mwenye maneno kwa kila mtu! Maana wenye ghala hawakwambii kitu. Wanafunga mlango, na mzigo wako uwe mzuri vipi, unarudi nao.

Nekesa ndiye aliyeshukuru kwa chai.

Mwaka wa mwisho ratiba yake ilikuwa imejaa, krediti zile hakupata pa kuzichukua tena, na ulipoisha wenzake walivaa majoho. Yeye alikaa na sisi kwenye viti vya wageni, akapiga makofi kila jina la rafiki yake lilipoitwa. Kila jina! Mimi kando yake, suti ya bei, nikitamani lori langu linipite juu. Nafasi yake ya uuguzi ikapewa mwingine. Wiki chache baadaye akafunga mizigo akaja huku Houston kwa shangazi yake. Mchana anawahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, jioni anasoma yale yaliyobaki.

Hakuwahi kunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kushika. Nikimpigia, nikijitahidi sasa na Kiswahili changu chote, "Mama, habari yako, umekula?", ananijibu, "I'm good, Dad. Love you." Halafu simu inakufa. Hello na I love you. Unakumbuka nani alikuwa anajibiwa hivyo?

Na Kiswahili hakukiacha. Kila Jumapili akitoka kanisani anampigia nyanyake, wanaongea hadi chaji inaisha. Wanaulizana yale yote. Mama yangu anajua jina la kila mzee anayehudumiwa na Nekesa. Anajua nani kati yao anakataa kuoga. Mtoto yuko mwendo wa asubuhi tu kutoka kwangu, na habari zake mimi nazipata kutoka Bungoma!

Nimechoka, ndugu yangu. Si kuchoka kwa kuendesha. Hiyo naijua, inaisha ukilala.

Nimeacha kuandika kidogo, mama yangu amepiga. Nikamwambia niko Houston, Nekesa hashiki simu, nataka nikitoka hapa nipitie huko nimgongee mlango.

"Usiende," akasema. "Leo ana mtihani wa mwisho wa ile lugha ya krediti zake. Kwani hakukuambia?"

Nikamwambia hakuniambia.

"Basi mimi ndiye nimekuambia. Muache amalize."

Muache amalize. Nekesa mwenyewe aliniomba hivyo, kwa Kiswahili, nikamjibu habari za ng'ombe.

Simu nimeizima, nimeitupa kwa kiti cha nyuma. Nikishapakuliwa narudi Grand Prairie moja kwa moja, mlangoni kwake sifiki. Akitaka kunieleza, atanieleza. Asipotaka, nitangoja Jumapili nimuulize mama.

Na wewe mzazi wa ng'ambo uliyejenga, unayepanga hema na ng'ombe huku mtoto ana masomo yake: skiza mtu aliyeungua. Nyumba itangoja. Wajomba wenye midomo watangoja pia, hao hawaendi popote. Zamu ya mtoto ndiyo haingoji. Na siku mtoto wako atakaposhika maikrofoni, aongee Kizungu, aongee Kiswahili, aongee lugha ya ndege, wewe kaa chini.

Kaa chini!