Alifuta jina la mzee ili watu wabishane, sasa tovuti inakufa

Saa mbili asubuhi mjini Kilosa, Editha Godfrey anafungua duka la steshenari kwa mkono mmoja na tovuti ya falsafa kwa mkono mwingine. Dukani kuna wateja. Kwenye tovuti, iliyo katika simu yake yenye kioo kilichopasuka, hakuna mtu.

"Dada Editha, leo mmegundua nini?" anauliza Alex, dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya duka.

"Tumegundua hujanawa uso."

Alex anacheka. Editha hacheki. Ni wiki kadhaa tovuti haijapata makala mpya, na walimu wastaafu wanaomiliki jarida la Kwa Nini wamemwambia kuwa mwezi ukiisha hivi hivi, wataizima.

Jarida lenyewe huchapwa kwenye karatasi na kusomwa na wenye miwani minene. Kazi ya Editha, mwenye miaka 31 na cheti cha kidato cha nne, ni kulifikisha kwa watu wa kawaida kupitia tovuti hiyo. Makala ya kurasa ishirini anaipunguza mpaka mkulima wa Tindiga aweze kuimaliza akisubiri mpunga wake ukobolewe. Analipwa shilingi elfu sitini kwa mwezi. Zikichelewa, anasema, "nazichukulia kifalsafa."

Karibu makala zote ziliandikwa na mtu mmoja, Mzee Vitalis wa Mikumi, mwalimu mstaafu aliyewafundisha kusoma watu wengi wa wilaya, Editha akiwemo. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Falsafa inataka ubishi, na nani atambishia mwalimu wake? Chini ya kila makala wasomaji waliandika yale yale: shikamoo mwalimu, shikamoo mzee wetu, Mungu akuzidishie.

"Aliwauliza kama ukweli upo, wakamwamkia," anasema Editha. "Nikawa naendesha tovuti ya salamu."

Akabuni dawa. Makala iliyofuata iliuliza kama aliyekufa bado anatudai chochote. Editha aliitoa bila jina la mwandishi. Na kwa kuwa aya moja ilimtaja marehemu Regina, mke wa mzee, aliyezikwa mwaka jana, akaikata nayo ili mwandishi asitambulike. Mzee hakuulizwa.

Ubishi ukaja kama maji ya mto Mkondoa yakivunja tuta. Watu walibishana kutwa, Editha akitabasamu peke yake kwenye mashine ya kudurufu. Kisha msomaji mmoja wa Munisagara akaandika: "Huyu hajawahi kufiwa. Anacheza na maneno tu." Wengine wakamuunga mkono.

Jioni simu ya Editha ikaita.

"Nimesoma," alisema Mzee Vitalis. "Kumbe sijafiwa."

Akakata.

Editha akarudisha jina, akairudisha na ile aya. Wasomaji walipoona wamembishia nani, walifuta maneno yao mmoja baada ya mwingine, wakaandika shikamoo.

Kesho yake alipanda gari hadi Mikumi. Alimkuta mzee barazani akichagua mchele, kazi ambayo zamani hakuifanya yeye. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Alitoa chuya mbili tatu kwenye ungo kwanza.

"Kwenye jarida lenu siku hizi hatusalimiani," alisema. "Toa hoja."

"Nimekosa, baba."

"Hiyo si hoja."

Editha alikaa pale mpaka gari la mwisho lilipokaribia kuondoka. Aliyemsindikiza stendi alikuwa jirani. Tangu siku hiyo mzee hajatuma makala.

Kilosa wanamwambia mzee atapoa, wazee hawana kinyongo. Editha anawasikiliza tu huku akipanga karatasi. "Waliosema hivyo wote wakimwamkia huitikiwa," anasema.

Jumamosi anarudi Mikumi, safari hii akiongozana na Bibi Ida, dada wa marehemu Regina, maana mwenye kosa haendi mara ya pili peke yake.

"Sendi kuomba makala," anasema. "Nitamwomba anisimulie Mama Regina alikuwa mtu wa namna gani. Ile aya niliikata kabla sijamaliza kuisoma."

Na tovuti?

Editha anampokea mteja cheti cha kuzaliwa, anakilaza kwenye kioo cha mashine, anafunika.

"Tovuti naona watazima tu," anasema. "Mimi nataka aniitikie."