Benzi Lililoziba Njia ya Chai

Kuna aibu ambayo mtu akishaongeza miaka kidogo anaanza kuicheka, anaisimulia kwenye harusi na watu wanashika mbavu. Hii yangu nimejaribu kuicheka, imekataa. Nikiwa peke yangu shambani nachuma chai, hakuna anayenitazama, inanijia tu na nasikia masikio yakipata moto, kwa hivyo leo nitaisema yote mara moja, na mkitaka kucheka chekeni, lakini msiniombe niirudie.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua ya El Nino. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na nilikuwa nimempata Chebet, msichana wa upande wa Bomet, mwenye mikono myepesi ya kuchuma chai kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na mdomo usiosema sana. Babake alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo chao cha majani, yaani pale wakulima wa kilima chote wanapopeleka chai yao kupimwa na kungoja lori la kiwanda. Mara ya kwanza nilienda kwao kwa miguu kutoka barabara ya lami, mvua ikininyeshea, nimevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, nikawakuta wanatoka shambani na magunia, nikajitwika moja begani tukaenda nalo hadi kituoni. Nilirudi nyumbani nimejaa aibu (ndiyo, hiyo ndiyo niliyoiita aibu wakati huo), nikijiambia wameona maskini, nikaapa kwamba siku nitakayorudi na wazazi wangu kumwomba rasmi, nitarudi kwa gari.

Bonasi ya chai ilikuwa imelipwa, nikauza na ng'ombe wawili, nikaenda Kericho kwa broka mmoja aliyekuwa na magari matatu yaliyotumika. Magari ya wakubwa, si mchezo. Kulikuwa na Pijo ya rangi ya maziwa iliyokuwa ya mwalimu mkuu fulani, Volvo la pembe nne kama kabati, na Benzi jeusi, refu, la viti vya ngozi, ambalo broka alisema liliwahi kumbeba bwana mkubwa wa Nairobi (bwana gani, hakusema, na mimi sikuuliza, nilitaka kuamini). Nilikuwa nimeenda na Njoroge, mekanika wa Londiani, rafiki yangu tangu shule, ambaye alilala chini ya magari yote matatu na gazeti mgongoni, akatoka akijifuta mikono.

"Chukua Pijo," akasema. "Hii iko juu, hata kwa matope itatembea. Ile Volvo pia ni sawa, ni mzee lakini imetunzwa. Hii Benzi sina ubaya nayo, ni gari ya maana sana, lakini ni ya lami. Iko chini, ni nzito, na ni ya otomatiki. Otomatiki haisukumwi ikizima, unanisikia? Na betri aliyoweka huyu mtu imekufa nusu."

"Njoro, mimi naenda kuoa, siendi kubeba viazi."

"Sasa kwani unaoa kwa lami?"

Nilicheka. Nikachukua Benzi. Na zile pesa kidogo zilizobaki, ambazo Njoroge aliniambia mara mbili ninunulie betri mpya, nilinunulia polishi, na kiatu cheusi chenye ncha ambacho nitakitaja tena hapo mbele.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Baba Chebet alikuwa ametuma ujumbe kwamba tufike saa kumi jioni, kwa sababu siku hiyo ilikuwa zamu yao ya kuchuma na alitaka lori la chai liwe limepita kwanza, ndiyo watu waoge na wakae chini na wageni. Mzee aliyepanga mambo yake. Mimi nikapiga hesabu yangu: saa nane watu wote wa kilima watakuwa wamejaa kituoni na magunia yao, saa kumi watakuwa wametawanyika, na gari la namna hii litaonwa na nani? Nikawaambia wazazi wangu tumeitwa saa nane. Nilimdanganya baba yangu, mzee wa kanisa, aliyevaa suti yake moja, na mama yangu aliyeketi nyuma akiwa amekumbatia kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, kana kwamba amebeba mtoto mchanga.

Kwenye lami tulienda kama wafalme. Tulipoingia ile barabara ya udongo inayopanda katikati ya mashamba ya chai, baba akasema polepole, "Si tuache gari hapa, tutembee? Si mbali." Nikamwambia asijali. Karibu na kituo, hatua hamsini hivi, nikiwaona watu wote wamegeuza vichwa, nilishusha kioo, nikatoa mkono nje nikawapungia, "Chamgei!" (mtoto mzima wa Kipsigis anawasalimia wazee kwa dirisha), na mkono mmoja haukutosha kwa kona ile. Gari likateleza, likageuka kiubavu taratibu kabisa, kama ng'ombe anayetafuta pa kulala, pua ikaingia kwenye chai na makalio yakaning'inia juu ya mtaro. Likazima. Nikawasha, likakohoa. Nikawasha tena, betri ikafanya tik, basi.

Watu wakaja mbio, na nawaambia hawakuja kucheka. Walikuja kusaidia, maana walijua mimi ni nani na nimekuja kwa nani. Wanaume kama ishirini wakajipanga kando na nyuma. Baba akatoka akaungana nao. Mama akavua viatu, akampa mwanamke mmoja kibuyu amshikie, akasukuma naye. Mimi nilibaki kwenye usukani. Nilijiambia lazima mtu ashike usukani, lakini ukweli ni kwamba nilitazama matope nikatazama kile kiatu.

"Weka gia ya pili, tutaiwasha!" mmoja akapiga kelele.

Nilijua haiwezi kuwashwa hivyo. Njoroge alikuwa ameniambia kwa maneno wazi. Lakini kusema mbele ya watu wote wale kwamba gari langu haliwezi hata kusukumwa, wakati pikapu ya kila mtu pale ilisukumwa kila asubuhi ikawaka, nilishindwa. Nikafunga mdomo, nikawaacha wazee wa watu wasukume mbele, wasukume nyuma, nusu saa nzima, hadi suti ya baba yangu ikawa ya rangi ya kilima. Hiyo ndiyo sehemu ninayoichukia zaidi ya zote.

Ndipo lori la kiwanda likafika nyuma yetu. Likasimama. Hapakuwa na pa kupita, chai huku na chai huku, na sheria ya kiwanda ni majani yapimwe na kupakiwa kituoni, si njiani. Dereva akashuka, akatazama, akaja na mnyororo.

"Kijana, nifunge hapa mbele nikuvute. Dakika mbili."

"Hapo bampa itang'oka."

"Basi tuisukume iingie kwa mtaro, nipite, halafu tukutoe pole pole."

"Itakwaruzika. Nimetuma mtu aite trekta, ngojeni kidogo tu."

Ni kweli nilikuwa nimetuma mtu, lakini hilo trekta lilikuwa la jamaa ambaye hata hatukujua kama yuko nyumbani. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, lile jua kali la kuuma. Kila mtoto wa nyumba ya chai anajua majani yakikaa yamebanwa kwenye gunia na jua juu yake yanaanza kupata joto ndani, yanakuwa mekundu, na yakishakuwa mekundu kazi imeisha. Mimi nimelelewa na chai. Karo yangu ilikuwa chai. Sikuhitaji kuambiwa.

Na hakuna aliyeniambia. Mtu aliyekuja kuomba msichana hafokewi, wala gari lake haliguswi kwa nguvu, ni mgeni wa heshima wa boma fulani na kilima chote kinamlinda. Wangekuwa hawanijui, wangelibeba gari lile na kulitupa mtaroni dakika ya kwanza. Walinyamaza kwa ajili ya mwenyekiti wao. Baba Chebet mwenyewe alikuja dirishani, akanisalimia kwa mkono kama inavyotakiwa, akauliza, "Trekta iko karibu?" Nikasema, "Iko karibu, mzee." Akarudi akakaa juu ya gunia. Alikuja mara ya pili, akauliza vilevile, nikajibu vilevile. Karibu saa mbili zikapita namna hiyo.

Aliyekuja mwisho ni Chebet. Alikuwa bado na aproni ya plastiki ya kuchumia, vidole vyeusi kwa utomvu, na nilikuwa nimemwona muda wote amesimama na wale wanawake, hakuwa amekuja. Akainama dirishani.

"Kiplangat, wewe umefika hapa tangu saa nane. Mbona hujatoka kwa hii gari?"

Nikatazama tena kile kiatu.

"Mamako ako kwa matope bila viatu," akasema. "Toka."

Nikatoka. Kiatu kikazama hadi kifundo cha mguu, na dereva hakuniuliza tena, alifunga mnyororo, akavuta, bampa ikang'oka upande mmoja na gari likaangukia mtaroni kwa sauti ambayo naisikia hadi leo. Lori likapita. Kila kitu nilichokuwa nimekilinda kwa saa mbili kilichukua dakika mbili kuharibika, kama alivyosema dereva.

Karani wa kiwanda aliyekuja na lori akaanza kupima. Alitia mkono kwenye gunia la kwanza, akautoa haraka, akatoa na konzi ya majani akayafungua kiganjani. Mekundu. Gunia la pili, mekundu. Akapita yote, hakuwa mtu mbaya, alikuwa anatafuta hata moja la kuokoa.

"Wazee, hii siwezi," akasema. "Nikipeleka hii, kiwandani watanirudishia lori yote."

Mwanamke mmoja alikaa chini tu. Kilima kizima kilikuwa kimechuma tangu alfajiri, na lori lile lingerudi wiki iliyofuata.

Dereva akageuza lori tupu, akafunga tena mnyororo kwa Benzi, lakini tairi zake za nyuma zilikuwa zimezama kwenye uji wa matope, hazina pa kushika. Baba Chebet akanyanyua gunia lake, chai aliyoichuma Chebet, akalibeba hadi pale, akalimwaga lote chini ya tairi. Akaikanyaga kwa mguu ile chai ikakaa sawa.

"Imekuwa takataka tayari," akasema. "Wacha ikupeleke nyumbani."

Wengine wakafuata, gunia baada ya gunia, na gari langu likapanda juu ya chai ya watu likatoka. Lori lililokuja kubeba majani likaondoka likivuta Benzi. Mama alipewa kibuyu chake kikiwa bado kimejaa.

Baba Chebet alitusindikiza hatua chache, akampa baba yangu mkono na kumwomba radhi kwa suti yake (yeye, aombe radhi!), halafu akanigeukia, na hakuwa na hasira hata kidogo, ningependa angekuwa nayo.

"Ile siku ulikuja na gambuti," akasema, "ukabeba gunia yetu, jioni niliambia mama yake huyu ndiye. Tulikuwa tumemaliza. Leo ilikuwa siku ya kunywa chai tu."

Hatukuitwa tena. Chebet aliolewa Longisa mwaka uliofuata. Benzi nililiuza jinsi lilivyokuwa, na Njoroge, kwa wema wake, hajawahi kuniuliza lolote. Sijanunua gari lingine, sitanunua, na msinipe sababu za kununua. Na nikisikia lori la chai likipanda nyuma yangu, hata kama niko kwa miguu, hata kama barabara ni pana, naingia ndani ya chai ya mtu nasimama hapo na gambuti zangu, hadi lipite.