Shangazi yangu alivyokwenda Nizwa kutoa maoni kuhusu pampu za kuiga

Wakuu, salaam kwenu. Haya niliyaona mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni nilikuwa karani Nizwa, Oman, nachapa barua za Kiarabu. Familia yetu ni Waomani waliorudi kutoka Tabora, kwa hiyo nyumbani ni Kiswahili.

Shangazi Zuwena, mjane, alikuwa na shamba la ndimu Al Hamra, jirani na Nizwa. Maji akivuta kisimani kwa pampu ndogo ya kutoka nje.

Siku moja nikasoma gazetini: kampuni moja imelalamika kwamba pampu za aina ile zimeiga muundo wake uliosajiliwa. Inataka zipigwe marufuku kuingia nchini, pamoja na spea zake zote. Kabla ya kuamua, ofisi inayochunguza inawaita wananchi waseme marufuku hiyo itawagusa vipi.

Nikampigia shangazi. Nikamsomea habari yote.

"Ule mpira wa ndani ya pampu naubadilisha kila joto likianza," akasema. "Ukikosekana, ndimu zangu zitakufa nazitazama."

Nikamwandikia barua kali. Kampuni nikaiita wachoyo, wanyonyaji, kila neno zito nililolijua. (Nilikuwa kijana, damu inachemka.)

Nilipomsomea akaniuliza, "Watu hao unawajua?"

"Siwajui, shangazi."

"Basi ichane. Mtu kaigiwa kitu chake, na sisi tumtukane?"

Tukaandika upya, nusu ukurasa tu. Pampu aliinunua dukani kwa nia safi. Mpira ukikosekana, miti inakauka. Khalas, basi.

Tukaitwa kwenye kikao. Shangazi akaja na mpira mkuukuu ndani ya mfuko wa plastiki. Mwenye kampuni naye alikuwepo. Nilitegemea jitu la kutisha, kumbe ni mzee mpole mwenye miwani.

Shangazi akaanza kwa Kiarabu, kikamkwama, akahamia Kiswahili. Ikabidi nitafsiri.

"Huyu bwana ana haki yake," alisema. "Pampu mpya za kuiga zizuieni. Lakini yangu iko kisimani tayari. Bwana, mpira wa saizi hii unatengeneza?"

Kabla sijafungua mdomo kutafsiri, yule mzee akaupokea mpira, akaugeuza, akajibu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka:

"Sitengenezi, bibie. Na wenye pampu za zamani sikuwafikiria, nakiri."

Kikao kizima kikacheka, na mimi mkalimani nikakosa kazi.

Uamuzi ulipotoka, pampu za kuiga zilizuiwa. Spea za zile zilizokwisha kufungwa mashambani ziliruhusiwa mpaka kampuni itengeneze zake. Joto lile ndimu zilipata maji.

Baadaye yule mzee alifunga safari mpaka Al Hamra na mpira wake wa kwanza, aujaribu kwenye kisima cha shangazi. Ukavuja. Shangazi akamwambia wazi, akamlisha wali, akamrudisha kiwandani. Wa pili ukakaa vizuri, na tangu hapo shangazi hakununua wa kampuni nyingine.

Nilichojifunza: ukiulizwa maoni, sema kinachokugusa wewe, na haki ya mwenzio usiifiche. Matusi yangu yote yale yasingepata hata mpira mmoja.

Haya, nani humu aliwahi kuitwa na serikali atoe maoni, na kweli akasikilizwa? Tupe kisa chako hapa chini, na kama mimi nilikosea popote, nisahihisheni.