Vidole Viwili vya Maji

Kwenye kiwanda cha boti cha Lito Berón, kando ya mto Luján, kuna mlio ambao haupo tena. Saa mbili asubuhi kibuyu cha yerba, chai chungu ya kunywa kwa mrija, kinazungushwa kama kawaida, kila mtu anafyonza zamu yake, redio inaongea peke yake kwenye rafu, misumeno inaanza kulia. Lakini zamani, kabla ya msumeno, kilikuwapo kifundo cha kidole kilichogonga ubavu wa boti mara tatu, na wanaume wote wakanyamaza mpaka kimalize. Siku hizi hakuna anayegonga. Wanapima, wanatia alama, wanakata.

Mwenye kidole hicho alikuwa Ubaldo Zárraga, mtu wa San Fernando, mwembamba kama mwanzi, ambaye kwa miaka thelathini na moja alitoboa boti za watu. Alikata matundu mawili karibu na pua ya boti, chini ya mstari wa maji, moja kila ubavu, akapitisha neli ya faiba nene kama paja, na ndani ya neli akafunga pangaboi dogo la umeme. Mwendeshaji akibonyeza kitufe, maji yanasukumwa ubavuni na pua inageuka kushoto au kulia kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Kwa wastaafu wanaokwenda visiwani siku za Jumapili, ambao magoti yao hayataki tena kuruka gatini na kamba mkononi, pangaboi lile ni mkongojo.

Ubaldo hakujua kuogelea, na kila tundu alilolikata alikwenda nalo nyumbani. Mkewe Mirta alizoea kumwona ameiacha nyama ikipoa sahanini.

"Mtu gani wewe," alimwambia. "Mchana kutwa unatoboa boti za watu, halafu keki ya mwanao unaniachia nikate mimi."

"Keki haizami," alijibu Ubaldo.

Mwisho wa baridi, Doña Elvira Quiroga aliileta boti yake, *Tacuara*. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Kwa miaka arobaini yeye alishika usukani, na mumewe Osvaldo alisimama mbele na upondo wenye kulabu, akizuia boti isigonge nguzo. Osvaldo alifariki mwezi wa sita. Kwenye klabu yao, kila mwanzo wa msimu mwenye boti huiingiza kwenye nafasi yake, katikati ya nguzo mbili, mbele ya nahodha wa klabu. Doña Elvira aliambiwa aingie peke yake Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Akishindwa, nafasi atapewa mwingine, na wanawe wawili walikuwa wameshampata mnunuzi wa boti.

"Wanasema nikae nyumbani nishone," alimwambia Ubaldo. "Nimewajibu, siku nikishika sindano nitaanza na midomo yao."

Ubaldo alicheka, kisha akaiangalia boti, na kicheko kikamwisha.

Kwenye viwanda vya ukingo ule watu hawaamini rangi. Mstari wa rangi huchorwa na mkono wa mtu, na mtu huuchora pale anapotamani boti yake ikae. Wao husoma doa la kahawia ambalo mto wenyewe huliacha ubavuni, kwa sababu doa huonyesha maji yalipofika kweli. "Rangi ina mwenyewe, doa halina," Lito alipenda kusema. Kwenye pua ya *Tacuara* doa lilikuwa juu ya rangi kwa vidole vinne. Ubaldo aliliona hilo, akaiacha rangi, akapima kutoka kwenye doa. Kurudi nyuma kidogo, kwenye kina kizuri zaidi, kungekula kitanda cha mbele; kwa hiyo alibaki mbele, mahali palipompa vidole sita vya maji juu ya neli. Vilitosha, bila akiba. Akagonga mara tatu, faiba ikajibu kwa sauti nzuri. Akakata.

Jumatano, faiba ikiwa imeshakauka, Doña Elvira alikuja na mfuko wa mikate ya siagi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Sasa itakuwa nyepesi," alisema. "Kabla hamjaitoa majini niliondoa mizigo ya marehemu. Nanga mbili chini ya kitanda cha mbele, na mnyororo wake. Wanaume wanne wa klabu waliubeba wakinitukana kimoyomoyo. Na madini ya risasi pia, vipande na vipande. Osvaldo aliogopa kupeperushwa maisha yake yote. Vilipotoka, boti ikainua pua kama mbwa anayenusa nyama kwa jirani."

Ubaldo aliacha kufyonza yerba yake. "Lini hiyo?"

"Siku tano kabla. Au sita."

Doa la miaka mingi haliondoki kwa siku sita. Alichokisoma ubavuni hakikuwa boti, kilikuwa hofu ya mtu aliyekufa. Safari hii rangi ndiyo iliyokuwa imesema kweli. Sita kutoa vinne: vidole viwili. Na pangaboi lenye vidole viwili vya maji juu yake hunyonya hewa. Hunguruma, hutoa povu, halisukumi kitu.

Alhamisi nzima alikuwa akiona vidole viwili kila mahali: kwenye glasi ya mvinyo, kwenye karai la Mirta, kwenye pengo la mlango na sakafu. Alimfikiria yule mama katikati ya nguzo zile, anabonyeza kitufe, anasikia ngurumo, na boti inazidi kwenda itakako. Ijumaa alimvuta Lito nyuma ya banda la rangi, akamweleza.

"Vidole viwili," Lito alirudia. "Nani anajua?"

"Mimi. Na sasa wewe."

"Basi tuko wawili, watu wazima wenye adabu. Sikiliza, Mwembamba. Tunatia magunia ya mchanga mbele, pua inashuka, bibi anaingia Jumapili, kila mtu anakwenda kula. Mchanga haudai chakula."

"Na siku atakayoutoa?"

"Kwa nini autoe?"

"Mnyororo wa mumewe ameutoa."

Lito akatema mate. "Umetoboa boti mia tatu. Usinivue nguo kwa moja."

"Hiyo moja ndiyo anayoendesha peke yake," alisema Ubaldo.

Jumamosi asubuhi *Tacuara* ilikuwa inaning'inia kwenye mikanda ya kreni, na Doña Elvira amesimama chini yake na kofia yake ya mtoni. Ubaldo alimwendea.

"Doña Elvira, nimekata juu mno. Nilisoma doa, sikuuliza ndani kulikuwa na nini."

Doña Elvira alimsikiliza mpaka mwisho. "Mkilikata tundu upya?"

"Wiki tatu. Jumapili itakuwa imepita."

"Msipolifanya?"

"Tutatia mchanga, na pangaboi litasukuma. Lakini wimbi likiinua pua, utasikia kelele tu."

Akamgeukia Lito. "Na wewe ulijua?"

"Tangu jana."

"Ulipanga kuniambia lini?"

Lito akawa anatafuta sigara mifukoni.

"Tieni mchanga," alisema Doña Elvira. "Jumatatu mnaitoa tena, mnalifanya upya. Na wewe Ubaldo, kesho utakaa ndani uisikilize. Usiguse kitu. Nahodha akiona umegusa hata kamba, nimekwisha."

Jumapili upepo ulikuwa wa ubavuni. Ubaldo aliketi nyuma, mikono katikati ya magoti. Walipokaribia nguzo, boti ya abiria ilipita, mawimbi yake yakaja, pua ya *Tacuara* ikainuka, na pangaboi likanguruma kama mnyama anayesongwa. Povu likaruka. Nguzo ya kulia ikaja kwa kasi. Upondo ulikuwa pale, mkono mmoja tu kutoka alipokaa. Aliyakaza magoti mpaka vidole vikamwuma.

"Mama, basi, inatosha," mmoja wa wanawe aliita kutoka gatini.

Doña Elvira akarudisha boti nyuma. Akangoja mto utulie, huku upepo ukimsukuma na yeye akiurudishia kwa usukani. Kisha akaingia tena. Kitufe, kimya, kitufe, kimya. Ubavu ukaigusa nguzo kidogo, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Nahodha hakupiga makofi. Aliandika *Tacuara* kwenye daftari lake, katika safu ya waliofaulu, akaenda kula.

Jumatatu boti ilirudi kiwandani. Waliyaziba matundu ya zamani, na kitanda cha mbele kikakatwa nusu. Ubaldo alipima kutoka kwenye rangi, akapima tena, kisha akaweka kifundo chake ubavuni na kugonga. Faiba ikajibu kwa sauti ileile nzuri iliyomjibu mara ya kwanza, alipokosea. Halafu akamnyooshea msumeno Nazareno, fundi wa faiba.

"Kata wewe."

"Mimi?"

"Umeniangalia miaka kumi."

"Nilikuwa naangalia usijikate, mzee," alisema Nazareno, lakini aliuchukua.

Hakuna aliyemfukuza; mwenyewe alisema anaacha. Lito, baada ya wiki mbili za kununa, alimwomba abaki, akamwomba tena, na mara ya tatu akamtuma Mirta. Mwisho wa mwezi Ubaldo aliosha zana zake akaziacha kwenye rafu.

Sasa yuko Tigre, kwenye klabu ya makasia. Anafungua geti saa kumi na mbili asubuhi na kuwagawia watoto majaketi ya kuelea.