Vizibo vya Soda Uwanjani

Juzi sokoni Kilosa nilimwona binti akipanga nyanya kwa safu, nikakumbuka mchana mmoja nilipokuwa darasa la pili kule Rudewa.

Mwalimu Mwajuma alitutoa nje, akatugawia vizibo vya soda ambavyo bado vilinukia sukari.

"Pangeni safu tatu, kila safu vizibo vinne, kisha mjumlishe."

Nilipanga juu ya vumbi la moto, nikajumlisha nne na nne na nne, nikapata kumi na mbili. Jua liliponichoma nikahamia ubavuni mwa safu hizo. Ajabu! Kutoka huku safu zilikuwa nne, kila moja ina vizibo vitatu. Nikajumlisha upya, tatu na tatu na tatu na tatu. Kumi na mbili ileile!

Niliamini nimegundua jambo ambalo hata mwalimu hakulijua. Kwa kuogopa kumwaibisha mbele ya darasa, nilimnong'oneza sikioni.

Akashika kifua. "Kumbe! Hebu waite wenzako uwaonyeshe."

Niliwaita kwa kelele hadi wapishi wa uji wakachungulia. Leo najua alilijua siku zote. Lakini jioni ile nilikimbia njia nzima hadi nyumbani, nikasahau hata shikamoo.

"Mama! Leo nimemfundisha mwalimu!"