Alkalinity ilikataa kupanda, nikakaribia kuua coral ya mum

Wakuu, salamu kutoka Meru mjini, huku Majengo.

Hii story ni yangu mwenyewe na sitaiongezea chumvi, maana chumvi yenyewe ndiyo ilinitoa jasho.

Niko na aquarium ya maji ya bahari kwa sitting room. Ndiyo, bahari, hapa Meru. Unaagiza chumvi yake maalum kutoka Nairobi, unaichanganya na maji yaliyochujwa, unaweka samaki na coral. Coral ukiiona unaweza kudhani ni ua, kumbe ni mnyama. Anakula, anafunguka, akikasirika anajikunja.

Ilianza kama hobby yangu tu. Halafu mum akapata stroke kule Kanyakine, tukamleta akae na sisi. Mkono wa kulia ulilala na maneno yakampotea. Siku nyingi halikutoka hata moja.

Tulipoweka kiti chake mbele ya tank ndipo akaanza kutulia. Kuna coral moja ya kijani, iko na vidole virefu vinavyocheza na maji. Hiyo akaifanya yake. Asubuhi kabla ya uji lazima aangalie kama imefunguka. Ikifunguka, anakunywa.

Sasa shida.

Kwa wale hawajui, maji ya coral lazima uyapime. Kuna kipimo kinaitwa alkalinity, ndicho kinaonyesha kama coral itaweza kujenga mifupa yake. Ikiwa chini ni mbaya, ikiwa juu sana ni mbaya zaidi. Kwa test kit yangu unaweka maji kwa chupa ndogo, yanakuwa ya blue, kisha unadondosha dawa tone moja moja mpaka yageuke manjano. Kila tone ni digrii moja. Tank yangu hukaa kwa nane.

Siku moja nikapata sita. Nikarudia, sita. Wiki hiyo hiyo ikashuka hadi tano.

Nikampigia jamaa wa Nairobi aliyeikuza hiyo coral akaniuzia. Nikamsomea namba.

"Tano? Bro, hiyo iko chini sana. Ongeza pole pole."

Ya kuongeza ni baking soda tu, unaiyeyusha kwa maji. Nikaongeza. Nikapima, tano. Nikaongeza tena. Ikagusa sita, kisha ikarudi tano. Kila nikimimina ni kama namimina kwa ndoo iliyotoboka.

Na coral zikaanza kuharibika. Moja yenye matawi ikawa nyeupe kwenye ncha. Ya mum ikajikunja ikabaki kama ngumi. Heater nayo ikashika ukoko mweupe. Huo ukoko niliuona wakuu, nikaukwangua nikaendelea na maisha.

Mum akaacha kula. Ukimletea uji anausukuma na mkono wa kushoto, macho bado kwa tank.

Mke wangu Kendi, ambaye ni mwalimu wa chemistry, akaniita jikoni.

"Baba Makena, mum anakonda. Hiyo kitu ikikufa tutamwambia nini?"

"Haikufi. Nikipandisha alkalinity itafunguka."



Jumamosi, adhana ya alasiri ikiwa imeisha tu, nikapima tena. Sita. Nikaamua ni dose kubwa sasa, mara mbili ya kawaida. Nikainua jug juu ya tank.

Mum akanishika mkono. Kwa ule mkono wake mmoja, lakini sikuweza kuutoa.

"Mum, ni dawa."

Akatikisa kichwa. Akaonyesha jug. Akaonyesha coral. Kisha akakunja vidole vyake pole pole mpaka vikawa ngumi. Akarudia: jug, coral, ngumi.

Wakuu, hapo ndipo nikaelewa. Alikuwa ananiambia kila nikimimina, inajikunja. Yeye hukaa pale kutwa nzima. Mimi namimina, naenda kazi.

Kendi akaja akachukua jug.

"Hiyo test kit umeipima?"

"Si ndiyo napimia maji?"

"Sisemi maji. Nauliza kama kit yenyewe ni nzima."

Nilikasirika, nikamsukumia kit.

Akapima baking soda kwa mizani yake ndogo, akaiyeyusha kwa distilled water, akapiga hesabu yake.

"Hii nimetengeneza mimi. Ni digrii kumi. Haya, dondosha."

Tone la kwanza, blue. La pili, blue. La tatu. La nne, manjano.

"Rudia," akasema.

Nne tena.

Kumi ya ukweli ilikuwa inasomeka nne. Kumaanisha ile sita ya tank ilikuwa karibu kumi na tano. Nilikuwa nachoma coral nikidhani naiokoa, na ile jug ingemaliza kila kitu. Hata ule ukoko mweupe wa heater ulikuwa dalili kwamba alkalinity imezidi.

Shida ilikuwa kifuniko cha ile dawa ya kupimia, kilikuwa na ufa. Na chupa nilikuwa naiweka karibu na taa ya tank. Maji yakawa yanakauka, dawa inabaki kali, matone machache yanatosha kubadilisha rangi. Kila siku ilizidi kunidanganya.

Nilitaka kuweka kitu cha kushusha alkalinity haraka haraka. Kendi akakataa kabisa. Tukaagiza kit mpya, tukawa tunabadilisha maji kidogo kidogo. Ile ya matawi ilikufa. Ya mum ikabaki ngumi. Hapo kungoja ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote, tukimlisha uji na kijiko, anameza kidogo, anageuza uso.

Asubuhi moja nikiwa natafuta viatu nikasikia mtu anaita.

"Kendi."

Sauti nzito, ya kukwaruza. Tangu stroke, mum hakuwa ameita mtu yeyote kwa jina.

Tulifika mbio. Vidole viwili vya kijani vilikuwa nje, vinacheza na maji.

Kendi akapiga magoti kando ya kiti. "Niko hapa, mum."

Mimi nilienda nje kidogo, nikasimama kwa ukuta.

Nilichojifunza: namba ikikataa kusonga, shuku kipimo kabla hujaongeza dawa. Kipime na kitu unachojua ukweli wake. Na macho ya mtu anayekaa hapo kutwa nzima pia ni kipimo.

Wenye tank za maji chumvi huku mlimani, nyinyi mnaweka dawa zenu wapi? Na kama kuna mwenye amelea mgonjwa wa stroke mpaka maneno yakarudi, tafadhali niandikie hapa chini. Sisi tumefika jina moja.